Kesi inadondokea wapi? Mwongozo kamili wa kuisimamia halmashauri kwenye huduma za ukatili wa majumbani

Nilipoingia kwenye kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya mtaa wetu, pembezoni mwa Jiji la Dodoma, kitu cha kwanza nilichoomba ni daftari la malalamiko. Mtendaji alilichomoa chini ya vitabu vya risiti: kaunta buku ya kwaya mbili, jalada limelegea, kurasa za mwanzo zina alama ya kikombe cha chai. Safu zilichorwa kwa rula. Tarehe, mlalamikaji, mlalamikiwa, lalamiko, hatua iliyochukuliwa. Nikaishusha safu ya mwisho kwa kidole: wamesuluhishwa, wamepatana, wamesuluhishwa, wameelewana, wamesuluhishwa. Kulikuwa na mama aliyeandikwa mara tatu ndani ya miezi mitano, na mara zote tatu "wamepatana". Baada ya hapo jina lake halionekani tena. Nikauliza. "Huyo? Alirudi kwao."

Kwenye taarifa ya robo mwaka iliyopanda kata, na kutoka kata kwenda halmashauri, zile mara tatu zilihesabiwa kuwa malalamiko matatu, yote "yameshughulikiwa". Asilimia mia moja. Hakuna diwani aliyeuliza kitu, na sioni ajabu. Ukiletewa asilimia mia utauliza nini?

Nimeandika haya kwa ajili ya diwani, hasa aliyeingia barazani mara ya kwanza baada ya uchaguzi wa Oktoba 2025, kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, kwa mjumbe wa kamati ya ulinzi, na kwa mwananchi asiye na cheo chochote ila amechoka kusikia kelele za nyumba ya jirani usiku. Mifano ni ya Dodoma kwa kuwa ndiko ninakokujua. Taratibu za halmashauri ni zile zile hata ukiwa Manyoni, Iramba au Kiteto.

Kwanza, jua nani ni wa halmashauri na nani si wake

Hapa ndipo madiwani wengi wanapoteza mwaka mzima. Mtu anasimama barazani, anafoka kwamba polisi wamemwachia mbakaji, ukumbi unapiga meza, kisha hakuna kinachotokea. Hakitokei kwa sababu polisi si idara ya halmashauri. Mkuu wa Polisi wa Wilaya anawajibika kwa Kamanda wa Mkoa, na jeshi lote liko Wizara ya Mambo ya Ndani. Mahakama ina mhimili wake. Waendesha mashtaka wana ofisi yao. Hata Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ile wenyeji wa Dodoma tunayoiita General, iko chini ya Wizara ya Afya, si chini ya mkurugenzi wa Jiji.

Sasa hesabu vilivyo vyako. Maafisa ustawi wa jamii. Maafisa maendeleo ya jamii. Zahanati, vituo vya afya na hospitali ya wilaya, pamoja na kliniki za mama na mtoto. Watendaji wa kata, mitaa na vijiji, maana yake lile daftari nililolisema ni mali ya halmashauri. Shule, kwa sehemu kubwa. Leseni za vilabu vya pombe. Sheria ndogo. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Na bajeti yenyewe.

Huo ni mkono mrefu kuliko watu wanavyodhani. Mama aliyepigwa hupita kwa watumishi wa halmashauri kabla ya kumwona askari na baada ya kumwona. Ukiibana vizuri halmashauri, nusu ya mapengo yanazibika bila kugombana na polisi hata siku moja.

Kwa yale ya polisi kuna milango miwili. Wa kwanza ni kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya halmashauri, ambako Dawati la Jinsia na Watoto la polisi linakaa meza moja na afya, ustawi na wengine. Wa pili ni Mkuu wa Wilaya, ambaye ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Usalama ya Wilaya. Kule chini kwenye kata yupo Mkaguzi wa Polisi Kata. Mwalike kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, mpe kiti na chai, mwambie aje na takwimu zake. Akialikwa kwa heshima anakuja. Akiitwa kwa kufokewa anatuma udhuru.

Sheria za kubeba kichwani

Tanzania Bara hatuna sheria moja inayosimama peke yake kwa ajili ya ukatili wa majumbani. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie "hilo ni suala la ndani ya ndoa, sheria haipo". Zipo, ila zimetawanyika.

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Kanuni ya Adhabu ina shambulio la kawaida, shambulio la kudhuru mwili, na kosa la kumdhuru mtu vibaya, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba mume hahusiki. Ubakaji na ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 viliingizwa kwa nguvu mpya na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998. Ukitaja vifungu mbele ya watu, taja na jina la kosa: tangu Julai 2025 tunatumia Toleo la Urekebu la 2023, na namba unayoikariri kutoka kitabu cha zamani inaweza kukuaibisha.

Ila kwa diwani, silaha kubwa ni Sheria ya Mtoto ya 2009. Kifungu cha 94 kinaipa serikali ya mtaa yenyewe wajibu wa kulinda na kukuza ustawi wa watoto katika eneo lake. Mkurugenzi hafanyi hisani hapo. Na kinachofuata, cha 95, kinamtaka mwanajamii yeyote mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa. Nyumba yenye kipigo karibu siku zote ina mtoto nyuma ya mlango, na mtoto huyo ndiye anayekupa mamlaka ya kuuliza.

Na usuluhishi? Bodi ya usuluhishi wa ndoa ipo kisheria, na anayedai talaka mahakamani kwa kawaida hupitia huko kwanza. Lakini kusuluhisha ndoa ni jambo moja na kufuta jinai ni jambo jingine. Mtendaji, balozi wa nyumba kumi au mzee wa kanisa hana mamlaka ya kuimaliza kesi ya jino lililong'oka kwa mbuzi na debe la mtama. Niseme ukweli, nawaelewa. Mtendaji anaishi mtaa ule ule, mlalamikiwa ni mjomba wa mtu, na aliyepigwa mwenyewe wakati mwingine anasema "nataka tu aache". Hilo linahitaji afisa ustawi, wala si muhuri wa "wamepatana".

Hatua ya kwanza: itembee njia ya kesi moja

Kabla hujauliza swali lolote barazani, chukua siku moja, itembee njia kwa miguu yako. Jifanye ni mama aliyepigwa saa nne usiku katika kijiji cha mbali kabisa kwenye kata yako. Ataanzia wapi? Atapanda nini? Atamkuta nani?

Nilifanya hivyo na afisa ustawi wa kata, tukiondoka kijiji kimoja cha Chamwino saa moja asubuhi. Kwenye zahanati tulimkuta mhudumu mmoja, na kwenye benchi akina mama kumi na sita wenye watoto wa kupima uzito. Mama aliyepigwa angemwona, lakini hakuna chumba cha faragha: pazia la khanga tu, na masikio kumi na sita nyuma yake. Kutoka hapo bodaboda hadi kituo cha polisi, barabara ya vumbi hadi nywele zinageuka rangi. Fomu ya PF3, ile ya polisi ambayo majeruhi huenda nayo hospitali, ilikuwepo. Muhuri ulikuwa kwenye droo iliyofungwa, na mwenye ufunguo alikuwa mahakamani. Tukasubiri. Tulipofika hospitali ilikuwa saa tisa na nusu alasiri, mimi nina afya njema, nimekunywa chai asubuhi, sina mtoto mgongoni, na nauli nilikuwa nayo.

Andika vitu vitatu kwa kila kituo cha njia hiyo: muda, shilingi, na nani alikuwepo. Basi. Karatasi hiyo moja ina uzito kuliko hotuba zote za Siku 16 za Kupinga Ukatili, ambazo kila mwaka huanza Novemba 25, zikaisha Desemba 10 na fulana zake.

Ukiwa njiani, hakikisha watumishi wanaijua hesabu ya saa 72. Aliyebakwa anatakiwa kuanza dawa za kinga ya VVU ndani ya saa 72, na mapema ndiyo salama zaidi. Matibabu ya dharura hayasubiri PF3. Fomu ni ushahidi wa kesi na inaweza kuja baada ya mgonjwa kuhudumiwa. Bado wapo watumishi wanaomrudisha mtu mlangoni, "nenda kalete fomu". Ukikuta hilo kwenye kituo cha halmashauri, huhitaji kusubiri baraza: mpigie mganga mkuu siku hiyo hiyo.

Uliza pia kama kuna kituo cha Mkono kwa Mkono kinachofikika, pale ambapo daktari, polisi na ustawi wanapatikana chini ya paa moja ili mtu asisimulie aibu yake mara nne kwa watu wanne. Kama chumba kipo lakini hakina mtu zamu ya usiku, andika hivyo.

Hatua ya pili: linganisha madaftari matatu

Daftari la kwanza liko kwa mtendaji. La pili liko Dawati la Jinsia na Watoto. La tatu liko hospitali au kituo cha afya, kwenye rejesta ya huduma za ukatili. Hutafuti majina. Unatafuta idadi tu, kwa miezi mitatu ile ile, kata ile ile.

Chukua mfano wa kubuni. Mitaa ya kata yako imeandika malalamiko 31. Dawati limepokea 12 kutoka kata hiyo. Kituo cha afya kimehudumia 19. Mahakamani zimefika 3, na moja imetolewa hukumu. Sasa una maswali ambayo hakuna mtu anaweza kuyajibu kwa "tunaendelea kutoa elimu". Hao 19 waliotibiwa, je, 7 waliozidi idadi ya dawati walikataa kwenda polisi, au hawakuwa na nauli? Zile 31 za mitaa, ngapi zilikuwa na damu au mfupa, ambazo hazikupaswa kusuluhishwa kabisa? Kati ya zile 12, ngapi zimefungwa kwa sababu mlalamikaji au shahidi hakutokea?

Namba zikikaribiana sana katika madaftari yote matatu, shuku. Mara nyingi maana yake mmoja amenakili kwa mwenzake.

Na usiogope namba kupanda. Nimeona mkuu wa idara akisifiwa kwa kuwa malalamiko yamepungua, kumbe afisa aliyekuwa akiyapokea alihamishwa na mlango umefungwa miezi miwili. Huduma ikianza kuaminika watu hujitokeza, namba inapanda. Kinachotakiwa kupungua ni wanaodondoka njiani.

Neno kuhusu ukeketaji, maana kwetu haliepukiki. Utafiti wa taifa wa afya wa 2015/16 uliiweka Dodoma kwenye asilimia 47 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49, ya pili baada ya Manyara. Ule wa 2022 ukaonyesha asilimia 18. Ni habari njema, ila isikulaze usingizi. Hesabu hiyo ni ya wanawake wazima, haimwoni mtoto mchanga. Na huku kwetu na Singida kitendo kimehama kutoka kwa msichana wa kuchezwa ngoma kwenda kwa mtoto wa kunyonya, kimya kimya, kwa kisingizio cha kutibu "lawalawa", kuwashwa kwa kawaida kunakotibika kwa usafi na dawa ya zahanati. Anayeweza kuligundua ni muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto, mtumishi wako. Uliza amefundishwa afanye nini akiliona, na amuambie nani. Usipouliza hivyo, robo mwaka zote utaletewa sifuri.

Hatua ya tatu: je, kamati iko hai?

Chini ya MTAKUWWA, mpango kazi wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto ulioanza 2017/18 na ambao sasa uko awamu ya pili, 2024/25 hadi 2028/29, kamati za ulinzi zinatakiwa kuwepo kuanzia kijiji au mtaa, kata, halmashauri hadi juu. Kwenye karatasi karibu zote zipo.

Omba mihtasari ya vikao vinne vya mwisho. Angalia sahihi. Mimi niliwahi kupewa mihtasari ya vikao viwili vilivyopishana miezi mitatu, vimeandikwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, na kosa lile lile la tahajia kwenye jina la mjumbe yule yule, ambaye wakati wa kikao cha pili alikuwa marehemu. Tukacheka, kisha tukanyamaza.

Kamati iliyo hai utaijua kwa ajenda ya yatokanayo. Kama kikao cha mwisho kilisema "mtoto wa kesi namba 4 apelekwe kwa mlezi", kikao kinachofuata kieleze alipelekwa lini na nani alimtembelea baadaye.

Hatua ya nne: fuata shilingi

Sasa tuko jikoni. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Lakini ukija na hoja mwezi Juni umechelewa kama mpanda karanga wa Machi. Vipaumbele huibuliwa kwenye vijiji na mitaa, vinapita Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu ni mtendaji wa kata, kisha vinapanda. Kwa kawaida ile miezi ya Novemba hadi Januari ndiyo ya kupenyeza jambo, na ikifika Februari baraza linapitisha. Kwa hiyo hoja ya ukatili iandikwe kwenye muhtasari wa mkutano wa kijiji. Isiishie kusemwa kwa mdomo chini ya mwembe, ikaitikiwa "Mbukwenyi", salamu yetu ya Kigogo, na makofi, ikafa hapo.

Omba kifungu cha bajeti cha ustawi wa jamii na cha maendeleo ya jamii. Usiangalie zilizopitishwa peke yake. Weka safu tatu: zilizopitishwa, zilizotoka, zilizotumika. Halmashauri inaweza kukuonyesha milioni kadhaa "za kuratibu MTAKUWWA", ukifungua ndani unakuta zilizotoka ni za maadhimisho ya Novemba tu: turubai, kipaza sauti, maji ya chupa. Uliza ni kiasi gani kilikwenda kwenye vitu hivi:

- nauli ya manusura na mashahidi kwenda hospitali na mahakamani;
- mafuta ya gari au pikipiki ya afisa ustawi;
- chakula na malazi ya dharura kwa mama na watoto waliotoka usiku na nguo za mwilini;
- dawa na vipimo, ambavyo viwemo ndani ya mpango kabambe wa afya wa halmashauri;
- madaftari na makabati yenye kufuli. Ndiyo, kufuli.

Nauli naitilia mkazo kwa makusudi. Kesi nyingi za hapa hufa kwa sababu shahidi yuko Mvumi, mahakama imeahirisha mara ya tatu, na mfukoni hana kitu. Ni fedha ndogo kuliko posho ya kikao kimoja. Mkurugenzi akisema haiwezekani kwa kuwa mapato ya ndani ni madogo, mkumbushe lishe. Halmashauri zimetakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano, viongozi wakasaini mikataba, na utekelezaji unapimwa. Hakuna aliyesema haiwezekani mara ilipokuwa na sahihi chini yake. Ukatili unaweza kuwekewa kiwango chake cha halmashauri vivyo hivyo, kwa azimio la baraza.

Mikopo ya asilimia 10 iangalie pia kwa jicho hili. Ilisimamishwa 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Mama anayetegemea kila kitu kwa anayempiga hawezi kutoka, na kikundi cha mkopo kinaweza kuwa mlango. Lakini nimeona pia mkopo ukiongeza kipigo: fedha imeingia, mume anaitaka. Afisa maendeleo ya jamii anayefuatilia marejesho kila mwezi ndiye aliye karibu kuliko wote kuona mkopaji amekuja na jicho limevimba. Je, ameambiwa afanye nini? Kwa kawaida ameambiwa akusanye marejesho.

Hatua ya tano: uliza barazani swali lisilokwepeka

Mabaraza ya kawaida hukaa kila baada ya miezi mitatu, na kamati za kudumu hukaa kabla yake. Ya fedha hukutana kila mwezi. Kazi halisi hufanyika kwenye kamati, kwa hiyo peleka jambo lako kwanza kwenye kamati inayoshughulikia huduma za jamii. Taarifa ya kata yako nayo iwe na aya ya ukatili yenye namba za madaftari matatu. Maswali ya maandishi yawasilishwe kwa muda ambao Kanuni za Kudumu za halmashauri yenu zinataja. Chukua nakala kwa mkurugenzi, isome, maana ndiyo atakayoitumia kukuzima.

Swali baya ni hili: "Je, halmashauri ina mkakati gani wa kukomesha ukatili?" Hapo umempa mkuu wa idara ruhusa ya kusoma kurasa mbili.

Swali zuri lina tarehe, idadi na mtu. "Mheshimiwa Mwenyekiti, katika kipindi cha Januari hadi Machi, kituo cha afya cha kata yangu kilihudumia manusura 19. Wangapi kati yao walitembelewa nyumbani na afisa ustawi ndani ya siku 14? Kama idadi ni chini ya 19, ni nini kilikosekana: mtu, mafuta au maelekezo?" Jibu lolote atakalotoa linakupa pa kushika.

Likijibiwa, dai azimio. Azimio lina kitendo, mhusika kwa cheo chake, na siku ya mwisho. "Taarifa imepokelewa" si azimio, ni kaburi. Kikao kijacho, kwenye yatokanayo, simama tena hata kama wenzako wanaangalia saa kwa ajili ya chakula. Ukifanya hivyo vikao viwili mfululizo, wakuu wa idara wataanza kukupigia simu kabla ya baraza. Hapo ujue umefika.

Na tafadhali, jambo hili lisiachiwe madiwani wa viti maalumu peke yao kana kwamba ni mambo ya kina mama. Diwani mwanamume wa kata ya wafugaji akiuliza swali lile lile, ukumbi hunyamaza kwa namna nyingine.

Kama huna cheo

Vikao vya baraza viko wazi kwa wananchi. Ingia, kaa nyuma, andika. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na hapo una haki ya kuuliza idadi, bila majina. Ukihitaji taarifa ya bajeti au ya utendaji, andika barua ukirejea Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Ofisi inapaswa kukujibu ndani ya siku 30. Gongesha nakala yako muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri, hujaandika barua.

Kwa dharura, 112 ni polisi na 116 ni simu ya bure ya huduma kwa mtoto. Zibandike kwenye ubao wa mtaa, kwenye mlango wa choo cha kina mama cha kliniki (huko ndiko mtu husoma bila kuangaliwa), na kwenye mashine ya kusaga.

Mtaa wenyewe

Hapa nitapita haraka. Leseni za vilabu na saa zake zisimamiwe, hasa msimu wa kuuza alizeti na zabibu, fedha inapokuwa mfukoni mwa mtu mmoja ndani ya nyumba. Njia ya kutoka sokoni iwe na taa. Vijana wa ulinzi shirikishi waambiwe kwamba kelele ya ndani ya nyumba nayo ni kelele ya kugonga mlango. Wengi wamezoea kukimbilia kuku aliyeibwa.

Siri, na hapa sina utani

Usitaje jina la manusura barazani, kwenye mkutano wa mtaa wala kwenye kundi la WhatsApp la kata. Usitaje hata "yule mama wa karibu na kisima". Kijiji kina kisima kimoja. Usipige picha ya jeraha kwa simu yako "kwa ajili ya ushahidi". Ushahidi ni wa daktari na polisi. Usiende nyumbani kwao na msafara. Diwani mmoja alifika na gari, wajumbe sita na zawadi ya unga. Mume alikuwepo, akapokea unga, akashukuru. Usiku ule mama alilipia ile ziara.

Ukitaka kujua hali yake, muulize afisa ustawi swali moja: yuko salama leo, ndiyo au hapana? Ikiwa hapana, ni nini halmashauri inaweza kutoa kabla jua halijazama?

Lile daftari letu tulilibadilisha baadaye. Tuliifuta safu ya "hatua iliyochukuliwa", mahali pake tukaweka namba ya kesi badala ya jina, ametumwa wapi, alifika lini, aliyethibitisha kuwa amefika, na tarehe ya kumtembelea tena. Orodha ya majina ikahamia kwenye kitabu kingine kinachokaa kabatini. Mtendaji alilalamika kwamba safu zimekuwa nyingi, ukurasa hautoshi. Tukaligeuza daftari, tukawa tunaandika kwa ubavu.